Picha za harusi hazifunguki, kila folda ina _readme.txt

StudioUjiji:
Wakuu, naombeni msaada. Nina studio ya picha hapa Ujiji. Jana kijana wangu aliweka programu ya kuhariri video, ile ya kreki (ya kulipia iliyovunjwa ulinzi itumike bure), kikatokea kidirisha cha Windows kujisasisha. Leo mafaili yote yameongezewa herufi nne mwishoni na hayafunguki. _readme.txt inataka dola 980, au 490 nikiwahi ndani ya saa 72. Kuna harusi za watu sijakabidhi. Nifomati?

FundiMwanga:
Pole sana dada. Usifomati wala usilipe. Dalili hizo ni za STOP/Djvu, virusi vinavyofunga mafaili ili wahalifu walipwe, na hapa Mwanga kila kompyuta niliyoletewa nayo ilianzia kwenye kreki. Kile kidirisha ni pazia tu. Nyuma yake mafaili yalikuwa yanafungwa. Mtu akikiona mara tu baada ya kuweka kreki, azime mashine papo hapo, yasiyofikiwa yatapona.

Kata intaneti, chomoa eksitenali. Ndani ya Task Scheduler, sehemu ya Windows inayopanga kazi za kujiendesha zenyewe, tafuta Time Trigger Task: ndiyo inayoviamsha virusi tena na tena, hivyo fleshi utakayochomeka leo nayo italiwa. Safisha kwanza kwa antivairasi.

Kisha fungua C:\SystemID\PersonalID.txt, humo mna namba waliyokupa wahalifu. Kama bando lilikuwa limekata jana, virusi havikuifikia seva yao, vikatumia ufunguo wa kufungia mafaili vinaotembea nao, na namba itaishia na t1. Ufunguo huo ni mmoja kwa wote walioingiliwa na toleo hilo. Emsisoft, kampuni ya antivairasi, wakiwa wameshaupata, programu yao ya bure itafungua. Namba ikiishia vingine, ufunguo ni wa mashine yako tu na wahalifu pekee ndio wanao. Fundi atakayekwambia ulete laki tatu akufungulie, mkimbie.

StudioUjiji:
Haiishii na t1, kaka. Ndiyo basi?

FundiMwanga:
Kwa video, bado. Ili wamalize haraka, hawa hufunga KB 150 za mwanzo tu za kila faili, kwa hiyo MP4 ya sherehe nzima karibu yote imo. Programu ya Media_Repair ya DiskTuna huijenga upya ukiipa video nzima iliyopigwa na kamera ileile. JPEG ni ngumu zaidi, ndiyo maana nakusihi kadi za kamera msizipigie tena: picha zilizofutwa hurejeshwa kama hazijaandikiwa juu. Nywila za barua pepe badilisha leo kwa simu, maana Djvu mara nyingi huja na programu ya kuziiba.