Nimefundisha mimi, kwenye picha kaingia mtalii, simu ya kupigia nikapewa mimi!

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Tukio ni la leo mchana, bado la moto, moderata msiunganishe uzi huu na ule wa kazi za ughaibuni.

Nipo Thailand, kaskazini mashariki huku Isaan, najitolea kufundisha Kiingereza shule ya msingi. Mliopita huku mnamjua mratibu ninayemsema. Simtaji. Yule wa "tabasamu, mwalimu, tabasamu". Huyo huyo.

Leo ilikuwa kambi ya Kiingereza. Wiki nzima sijalala. Saa mbili kamili asubuhi bendera inapanda, wimbo wa taifa unapigwa, nami nimesimama juani na watoto. Kisha vipindi mfululizo, darasa la kwanza mpaka la sita. Jioni nawafundisha walimu wenzangu. Usiku nakata kadi za michezo mpaka vidole vimeota sugu. Watoto wa huku sauti ya r inawatokea l, na mwisho wa neno wanaumeza. Nimeirudia hiyo r mpaka mijusi ya ukutani inaitamka vizuri.

Ikafika picha ya bango la shule. Watoto wangu wamejipanga, nami najipanga. Mratibu akanishika bega, akanikabidhi simu yake: "Mwalimu, wewe tupige." Kwenye nafasi yangu akamsimamisha kijana wa kizungu aliyeokotwa asubuhi ile ile nyumba ya wageni, mtalii wa watu, na kaptula yake ya picha za tembo.

NIKAPEWA SIMU. Nipige picha darasa langu mwenyewe!

Na huyo kijana Kiingereza chake ni cha kuombea maji. Nusu saa kabla alinivuta pembeni kuniuliza mkasi unaitwaje! Watoto wanaita "Kru! Kru!", yaani mwalimu, wananionyesha nafasi nisimame, mratibu anawapungia mkono wanyamaze. Eti wazazi wanataka kumwona mwenye lugha. Mwenye lugha gani anayeuliza mkasi?

Nauli nimejilipia. Kibali cha kazi nimekihangaikia, maana Thailand hata wa kujitolea anatakiwa awe nacho. Yeye kaja na kaptula. Halafu simu napewa mimi. Simu, wakuu! Sijala tangu mchana, koo limefunga.

mtoto_wa_mkwakwani: Pole sana dada. Huyo mratibu namjua, mimi alinivalisha kichwa cha simba nikakaa getini kambi nzima. Jua la Aprili lile, nilitoka humo nimeiva.

Fundi Rejeta: Uzi hauna picha? Lete picha.

Kisamvu cha Nazi: Picha ipo mkuu, yeye ndiye hayumo 😂😂

Mzee wa Urambo: Binti, shule ya kata ya kwenu wanalia hawana mwalimu wa Kiingereza, wewe umepanda ndege kuwafundisha Wathai bure. Ulitaka wakuweke kwenye noti ya baht? Kule anakaa mfalme peke yake.

Mwanzisha uzi: Mzee shikamoo, lakini nimefundisha Handeni kabla ya kuja huku, kwa hiyo hilo la kata liache. Hoja yangu ni simu. Kwa nini anipe MIMI?

Mla Tambi: Afadhali wewe unajitolea, unajua hulipwi. Mimi nilikuwa China. Bosi wangu alinilazimisha niwaambie wazazi natoka Afrika Kusini. 2021 serikali ilipobana vituo vya masomo ya ziada, akafunga usiku, akatoweka na mishahara yetu. Natafuta hata jina lake la kweli mpaka leo.

Mama Two: Huyo bosi wako hakubuni, @Mla Tambi. Korea Kusini ule mpango wa serikali wa kuajiri walimu wa Kiingereza, EPIK, unachukua wenye pasipoti za nchi 7 tu: Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Mtanzania uwe na shahada tatu za Kiingereza, mlango haukuhusu.

Chaki Nyeupe: Nyote mna nafuu. Mimi nipo Moshi. Likizo za Wazungu zikianza naletewa vijana wao wa kujitolea, kipindi changu kinasimama, wanacheza mpira na watoto, wanapaka ukuta rangi, wanaondoka. Silabasi iko pale pale, mtihani ukija naulizwa mimi. Na simu za kuwapiga picha nazo napewa mimi!

Jirani wa Namanga: Shida Watanzania mnaogopa kuongea. Mkenya angeingia kwenye hiyo picha kwa nguvu na angeulizwa baadaye.

Kisamvu cha Nazi: Haya, Wakenya wamefika.

Mzee wa Urambo: Na shule zetu za Kiingereza mmezijaza. Mjukuu wangu karudi nyumbani kila sentensi ni "ati".

Jirani wa Namanga: Ati nini?

Mwanzisha uzi: Jamani turudi kwenye simu.

Fundi Rejeta: Samahani naingilia. Mliopo Bangkok, unga wa dona unapatikana wapi? Huu wali wa kunata umenishinda.

Mla Tambi: Njoo pembeni, kuna jamaa analeta.

Fundi Rejeta: Kilo bei gani?