Matetea wiki 19, bado hata yai moja

Habari zenu wafugaji. Nimeanza na matetea 6 nyuma ya nyumba. Wamefika wiki 19 na sijaona yai. Jirani anasema niongeze jogoo, bila yeye hawatagi. Ni kweli? Halafu wanalala ndani ya viota, asubuhi vimejaa kinyesi.

Jibu:
Ndugu, jogoo ni wa kupata vifaranga tu, mayai utapata bila yeye. Wiki 19 bado mapema, vuta subira hata mpaka 24. Angalia upanga wa kichwani: ukiiva ukawa mwekundu, na kuku akachuchumaa ukimgusa mgongo, yai li karibu. Wangu alichuchumaa Jumatatu, Ijumaa nikaokota kiyai kidogo chenye doa la damu kwenye ganda, bado cha moto. Nilikishika muda mrefu.

Jibu:
Fito zako za kulalia zina urefu gani kutoka chini? Kuku hulala penye juu kuliko pengine. Zikiwa chini ya viota, watahamia viotani. Viota 2 vinawatosha hao 6.

Jibu:
Chanjo ya kideri, ule ugonjwa unaoua kuku wengi kwa mpigo, umewapa? Mimi nilisema nitachanja wiki ijayo. Kati ya kuku 11 wakabaki 2. Usiahirishe, nakuomba.

Muulizaji:
Asanteni sana. Nimepima: fito sentimita 30, viota 50. Jioni hii nazipandisha. Chanjo walipata ya kwanza tu, kesho asubuhi namtafuta mtaalamu wa mifugo.