Ditekta ya kufyonza hewa inalia kila jioni tangu Juni: niipunguze makali au niitoe kabisa?

Kaka_wa_Seva (Lubumbashi)
Habari zenu wakubwa. Naandika nikiwa Lubumbashi, upande wa Kampemba. Nina chumba cha seva, na mlango wa pili kuna depo ya karatasi za kampuni za miaka mingi. Mwezi wa tatu tulifungiwa mfumo wa kugundua moshi, ule wa kufyonza hewa: sanduku ukutani, na tuyo (bomba) moja nyekundu inayopita darini ikiwa na matundu 18, chumba cha seva kwanza kisha depo. Feni ndani ya sanduku inavuta hewa, leza inaitazama.

Mvua ilipokuwa inanyesha, kimya. Tangu Juni inalia saa moja jioni, na tena alfajiri saa kumi au kumi na moja. Tunakimbia, tunafungua, hakuna kitu. Santineli (mlinzi) ameshachoka, majirani wameshachoka, patroni amesema Ijumaa ananunua ditekta za kawaida za darini na hii "mashine ya kuvuta pumzi" iondoke. Waliotufungia walikuwa wageni, simu zao hazijibiwi. Wamenitumia ujumbe mmoja tu: "punguza makali," yaani isisikie moshi mdogo.

Nipunguze? Au patroni ana haki?

Jiko_la_Mkaa (Lubumbashi)
Saa moja jioni Lubumbashi nzima inapika bukari (ugali) kwa makala (mkaa). Mashine yenu inasikia njaa tu 😂

Fundi_Bandari (Dar es Salaam)
Pole kaka. Kabla ya kugusa kitu, tupe mambo manne: 1) filta ilibadilishwa lini; 2) namba ya mtiririko wa hewa kwenye skrini ni asilimia ngapi; 3) kuna taa ya njano inawaka? 4) siku ya kufungwa waliacha karatasi ya majaribio, yenye sekunde za moshi kufika kutoka tundu la mwisho? Bila hayo tutakuwa tunapiga ramli.

Mwenye_Haraka (Bukavu)
Mimi kwetu ilikuwa inasumbua hivyo hivyo. Nilitoa filta nikaipuliza kwa kompresa ya gereji, nikairudisha. Ikanyamaza wiki mbili.

Mzee_Tuyo (Likasi)
Bukavu, mdogo wangu, na baada ya hizo wiki mbili? Ngoja nimalizie: ililia zaidi, au ilionyesha hitilafu ya chemba, pale leza inapokaa. Filta ya karatasi ukiipuliza kwa kompresa unapasua nyuzi, vumbi linapata njia hadi kwenye leza. Hapo hata filta mpya haikuponyi, unanunua chemba. Filta ikijaa inatupwa. Haioshwi wala haipulizwi.

Sasa wewe Kaka wa Kampemba. Nimefunga na kutunza hivi vitu kwenye vyumba vya umeme vya migodi miaka mingi, sikiliza kidogo.

Chombo hiki hakikuambii uongo. Kilifundishwa hewa isiyo ya kwenu. Wakifunga, huwa wanakiacha kijifunze hewa ya chumba kwa siku kadhaa, mara nyingi 14, kisha kinajipangia chenyewe vizingiti vya kengele. Ninyi mlifungiwa mwezi wa tatu. Mwezi wa tatu kwetu hewa imeoshwa na mvua, kuna matope badala ya vumbi, na hakuna anayechoma pori. Kikajua hiyo ndiyo hewa ya Lubumbashi. Juni ikaja, kiangazi, watu wanachoma pori pande zote, tanuri za makala zinafuka, usiku wa baridi unakandamiza moshi chini mpaka jua lichomoze. Ndiyo maana saa zako ni jioni na alfajiri. Ungekuwa moto wa waya usingefuata saa.

Jambo la kuchekesha ni kwamba chombo chenyewe asili yake ni moshi wa pori. Miaka ya 1970 watafiti wa CSIRO, shirika la sayansi la Australia, walikuwa na kipimo cha moshi wa moto wa msituni, ndipo watu wa posta na simu wa nchi hiyo wakataka kulinda vyumba vya mitambo yao. Kwa hiyo jioni inapolia inafanya kazi ya babu yake.

Kaka_wa_Seva
Asante sana Mzee. Basi si nipunguze makali, iache kusikia moshi wa pori?

Mzee_Tuyo
Hapo ndipo watu wengi wanapotea, na aliyekuandikia huo ujumbe ama hajui ama anataka umwache alale.

Una matundu 18. Moshi wa seva inayoungua unaingia tundu moja, labda mawili, na matundu mengine 16 yanaleta hewa safi. Vyote vinachanganyika kwenye tuyo kabla ya kufika kwenye leza. Kengele ikiwekwa kwenye asilimia 0.1 kwa mita (mwanga unaozibwa na moshi katika kila mita), moshi ulio kwenye tundu moja lazima uwe mara 18 ya hapo ili ilie, yaani asilimia 1.8. Bado ni vizuri, ni moshi ambao jicho lako halitauona haraka.

Lakini moshi wa pori hauchagui tundu. Unajaza chumba chote, unaingia matundu yote 18 kwa pamoja. Haukutani na hewa safi ya kuuzimua. Ukifika 0.1 chumbani, leza inaona 0.1 ile ile, inapiga kelele.

Sasa panda kizingiti hadi 0.5 ili usisikie pori. Tundu moja peke yake linahitaji asilimia 9. Umekuwa kiziwi kwa seva yako ili usisikie shamba la jirani. Kwa makali hayo patroni ana haki, anunue za darini, ni bei ndogo.

Dada_Umeme (Kolwezi)
Mzee amesema lile ambalo karatasi za wauzaji huwa zinaruka. Mimi nauliza tu: moshi wa nje unaingiaje chumba cha seva? Klima (viyoyozi) za ukutani haziingizi hewa ya nje, zinazungusha ile ile ya ndani. Kuna tundu mahali.

Kaka_wa_Seva
Dada, umenishika. Kuna feni ukutani inayoingiza hewa ya nje. Iliwekwa zamani, klima ilipokuwa moja tu. Nimetoka sasa hivi kuitazama kwa nje. Bomba la moshi la grupu (jenereta) liko kama mita mbili kutoka hapo. Umeme ukikatika jioni, na unakatika karibu kila jioni, grupu linawaka… mnaelewa.

Jiko_la_Mkaa
Kumbe si bukari. Naomba mama zetu waombwe msamaha.

Dada_Umeme
😂 Funga hiyo feni leo leo kwa kipande cha bati na silikoni, kama klima mbili zinatosha kupoza. Kama hazitoshi, ihamishie upande wa pili wa nyumba na uiwekee filta. Dizeli ni masizi matupu, yanapenda sana kukaa kwenye leza.

Fundi_Bandari
Majibu ya maswali yangu manne bado nayasubiri.

Kaka_wa_Seva
Samahani Fundi, nilikuwa natafuta ngazi.

Filta: haijaguswa tangu Machi. Nimeifungua. Ilitakiwa kuwa nyeupe, ina rangi ya tofali, ule udongo wetu mwekundu, na katikati doa jeusi kama la wino. Nimeigonga kidogo mezani ikaacha unga.

Mtiririko: 78%.

Taa ya njano: hii ni aibu. Imebandikwa plasta ya kidonda. Nimemuuliza santineli, akasema ilikuwa inamchoma macho usiku tangu mwezi wa saba, na kwa kuwa haikuwa nyekundu aliona si moto.

Karatasi ipo: sekunde 71 kutoka tundu la mwisho kule depo. Nimejaribu mwenyewe kwa utambi wa pamba uliozimwa, mtoto wa shangazi akishika saa. Sekunde 104.

Fundi_Bandari
Safi sana, sasa tunazungumza. Vyombo hivi huonya mtiririko ukishuka au kupanda kwa kama asilimia 20 kutoka ulivyokuwa siku ya kufungwa. 78 maana yake umeshuka: kuna kitu kimeziba. Ungepanda, 125 kwa mfano, ningekwambia bomba limepasuka au kiungo kimeachia. Taa ya njano si mapambo, ndiyo inayosema "sivuti hewa vizuri."

Na sekunde zako: NFPA 72, kanuni ya kengele za moto ya Marekani, inaweka mwisho sekunde 120, lakini kwa vyumba vya mitambo ya simu wanaotaka onyo la mapema kabisa hutafuta 60. Wewe ulianza na 71, umefika 104. Ukiacha mwaka mwingine utakuwa unagundua majivu.

Panda ngazi ukague matundu, moja moja. Mengi ni ya milimita chache tu, rangi ya mchoraji inatosha kuziba.

Na ukimaliza kubadilisha filta, kiache kijifunze upya hewa ya sasa. Kitazoea.

Mzee_Tuyo
Fundi, nakuheshimu, lakini hilo la mwisho nakataa. Ukikifundisha Septemba, katikati ya moshi, kitaona huu uchafu ndiyo kawaida na kitapandisha vizingiti juu. Mvua ikija Novemba mtabaki na chombo kizito cha masikio hadi mwakani. Huko Dar mna upepo wa bahari, hewa yenu haibadiliki kama yetu.

Asome kumbukumbu ya chombo, iko ndani, inaandika kiwango cha moshi usiku na mchana. Atafute kilele cha siku za kawaida baada ya kuziba ile feni, kisha aweke vizingiti kwa mkono juu kidogo ya kilele hicho. Onyo la kwanza alicheleweshe sekunde 30 au 60 ili lori likipita lisiamshe mtaa. Kengele ya moto yenyewe asiicheleweshe sana.

Fundi_Bandari
Nakubali, Mzee. Kwetu mwaka mzima unafanana, sikufikiria kiangazi chenu. Kuna pia njia ya kuweka ditekta ya pili ndogo inayonusa hewa ya nje tu, na ile kubwa inatoa kiwango hicho kwenye hesabu yake. Kama chombo chake kinakubali, na kama patroni ana fedha.

Kaka_wa_Seva
Patroni hana fedha 😅

Nimepanda ngazi. Matundu mawili kule depo yamezibwa na rangi nyeupe, walipaka dari mwezi wa tano. Nimeyafungua kwa kijiti cha meno. Niyapulize pia kwa kompresa?

Mzee_Tuyo
Kupuliza tuyo, sawa, hata inatakiwa. Lakini KWANZA chomoa tuyo kwenye sanduku, upulize ukielekea mbali na ditekta. Ukipuliza ikiwa imeunganishwa unapeleka vumbi lote la miezi sita kwenye leza kwa mkupuo mmoja.

Kaka_wa_Seva
Haichomoki. Wamegundisha kwa gundi.

Mzee_Tuyo
Mungu wangu. Viungo vyote vya tuyo vinagundishwa, huo mmoja tu wa kuingia kwenye sanduku haugundishwi! Unaingizwa kwa kusukuma, ili siku kama ya leo uchomoke. Kata tuyo sentimita 20 kutoka kwenye sanduku kwa msumeno wa meno madogo, lainisha mdomo wake usibaki na nyuzi za plastiki, weka kiungo cha kufungua kwa mkono.

Na ukiwa hapo angalia hewa inatokea wapi baada ya kupita kwenye leza. Irudi chumba kile kile. Hili la tuyo moja kupita vyumba viwili silipendi. Chumba cha seva kina klima inayosukuma hewa, depo imefungwa kimya, hewa hazilingani nguvu na feni inahangaika katikati. Depo ipate tuyo yake, hata kama si mwaka huu.

Dada_Umeme
Kabla hujashuka kwenye ngazi, fungua sanduku la umeme wa volti 24. Betri ni za ngapi?

Kaka_wa_Seva
Mbili, volti 12, 7 Ah (ampea-saa).

Dada_Umeme
Nilijua. Zikiungwa kwa mfuatano unapata volti 24, lakini bado ni 7 Ah. Chombo chako kina feni haipumziki, chukua wati 10, ni karibu ampea 0.4. Saa 24 ni 10 Ah, ongeza robo kwa kuzeeka kwa betri, 12.5. Zako hazifiki, na kwa kukatika kwa umeme kila siku zinachakaa upesi. Nunua za 17 au 18 Ah, ukihakikisha chaja ya sanduku inazimudu.

Mwenye_Haraka
Mimi nimeagiza filta mpya, Mzee. Na chemba.

Kaka_wa_Seva
Wakubwa, ni wiki mbili zimepita, nimerudi.

Feni ya ukuta tumeiziba. Klima mbili zinatosha, chumba kinakaa nyuzi 22. Filta mpya ilikuja na basi kutoka Kasumbalesa, nimenunua tatu. Tuyo nimekata, nimepuliza, kulitoka unga mwekundu na vipande vya plastiki vya siku ya kutoboa, yaani hawakuwahi kuipuliza tangu mwanzo. Mtiririko 99%. Utambi wa pamba, sekunde 69.

Kumbukumbu: kilele cha jioni kilikuwa kinagonga 0.14. Baada ya kuziba feni hakijapita 0.04. Onyo la kwanza nimeweka 0.07 na kuchelewa sekunde 45. Kengele ya moto nimeiacha pale pale 0.1.

Jana saa moja kasoro umeme ukakatika, grupu likawaka, nje moshi wa pori ulikuwa unakwaruza koo. Patroni alikuja mwenyewe akasimama mbele ya sanduku, mikono mfukoni, karibu dakika ishirini. Ikapanda 0.02, 0.03, ikashuka. Akauliza tuyo ya depo ni dola ngapi.

Santineli nimempa plasta yake. Nimemwambia ya njano ni ya kunipigia mimi simu, nyekundu ni ya kukimbia.

Mzee_Tuyo
Vizuri sana mwanangu. Tarehe ya filta iandike kwa kalamu pembeni ya filta yenyewe, daftari hupotea. Vitabu vinasema miaka miwili. Kampemba, fungua kila Mei na kila Septemba.