Naomba ushauri: nimechoka kurudia tembo walewale

Habari zenu ndugu zangu. Nachora Tingatinga hapa Dar mwaka wa sita sasa, kwa rangi ya mafuta, mtindo alioanzisha mzee Edward Saidi Tingatinga mwaka 1968. Wateja wanataka tembo na twiga, na mkono umezoea hadi moyo haushiriki tena.

Juzi alfajiri, soko la Feri, nilimwona pweza aliyetoka kuvuliwa akibadilika rangi ndani ya ndoo: kahawia, wekundu, kisha karibu nyeupe. Nilisahau hata samaki niliotumwa. Nimemchora mara tatu, kila mara anatoka amekufa.

Mnaochora, mnafanyaje kitu mlichokiona kisipotee njiani? Daftari, picha za simu, au mnachora palepale? Nina watoto wadogo, muda wangu ni alfajiri tu.