Naomba ushauri: kusomea leseni ya kupangisha nyumba huku nafanya kazi (Dublin)

Habari zenu ndugu. Nipo Dublin, mlinzi wa zamu kwenye majengo ya fleti, na kwa kweli kazi ya nyumba ndiyo naipenda. Hapa Ayalandi, kwa sheria ya 2011, huwezi kumuuzia mtu nyumba yake, kumpangishia wala kusimamia jengo kwa malipo bila leseni ya PSRA, mamlaka inayosimamia mawakala wa nyumba na ardhi. Leseni ziko nne: A ni minada ya mali isiyo ardhi, B kuuza na kununua nyumba na ardhi, C kupangisha, D kusimamia majengo. Mimi nazitaka C na D.

Shida ni masomo. Zamu zangu hubadilika kila wiki, na darasa la jioni halimsubiri mtu. Nina stashahada ya usimamizi wa ardhi kutoka nyumbani Tanzania. QQI, taasisi ya serikali inayosimamia ubora wa elimu na vyeti hapa, hulinganisha vyeti vya nje na ngazi za elimu za hapa, lakini je, kuna aliyekubaliwa leseni kwa njia hiyo? Au nianze kozi upya? Na mwajiri mlimwombaje zamu maalumu? Nina familia, kuacha kazi siwezi.

Natanguliza shukrani.