Rangi kwenye vipimo vya kasi: misimbo ya mkono, Rich au hyperfine?

Mwana_Himbi (Goma)
Wakubwa, jambo. Nina skripti ya Python inayopima kasi ya funkisheni zangu na kuchapa nyakati kwenye terminali. Namba zimejazana, jicho halijui litue wapi. Nataka iliyoongeza kasi iwe kijani, iliyopunguza iwe nyekundu. Niandike misimbo ya ANSI mwenyewe (zile alama za kuiambia terminali ibadili rangi), niweke Rich, maktaba ya Python ya kupamba maandishi, au nihamie hyperfine, programu ya kupima kasi ya amri? Mega zangu za intaneti ni za kuhesabu.

Kadutu243 (Bukavu)
Rangi mbili tu, Rich ya nini? `\033[32m` kijani, `\033[31m` nyekundu, `\033[0m` kuzima. Hiyo ya mwisho usiiache, maandishi yote yatakayofuata yatabaki mekundu.

Yaya_Katuba (Lubumbashi)
Kupaka ni rahisi, kazi ni kujua wapi usipake. Elekeza matokeo kwenye faili uone: `^[[32m12.40^[[0m` mstari kwa mstari, na namba hizo huwezi kuzijumlisha mpaka uzisafishe. Ukiandika kwa mkono, uliza kwanza `sys.stdout.isatty()`, yaani kama unachapa kwenye terminali kweli, na mtu akiweka NO_COLOR, mpangilio wa kukataa rangi, umheshimu. Rich inayafanya hayo yenyewe.
Hyperfine ni nzuri mno, ila inapima amri nzima kutoka nje, pamoja na muda wa Python kuamka. Funkisheni ya mikrosekunde itamezwa humo.

Kadutu243
Hapo kwenye faili umenishinda, yaya. Naongeza moja: panga upana wa safu kwanza, ndipo uvike rangi. Python inahesabu misimbo ile kama herufi, kwa hiyo `:>10`, ile ya kupanga upana, ikija baada ya rangi jedwali linapinda.

Birere_koda (Goma)
Mnabishana juu ya rangi, hamjauliza inasema nini. Jana 12.4, leo 12.6, unapaka nyekundu? Kama vipimo vyenyewe vinayumba kwa 0.5, hiyo ni kelele tu. Criterion, zana ya kupima kasi ya lugha ya Rust, haipaki mabadiliko nyekundu wala kijani mpaka yapite kipimo cha takwimu. Kwa kawaida chini ya asilimia 1 inayahesabu kelele. Na sisi hapa umeme ukikatika, laptop ikihamia betri, prosesa inaweza kupunguza kasi, skripti nzima ikageuka nyekundu bila mtu kugusa msimbo.
Weka pia alama ya + au − kando ya namba. Wako wasiotofautisha nyekundu na kijani.

Mwana_Himbi
Aksanti sana. Basi naandika kwa mkono, na isatty. Isiyopita kelele naiacha bila rangi. Lakini kuchapa kwenyewe hakuharibu kipimo?

Yaya_Katuba
Kunaharibu, ukichapa ndani ya kitanzi (loop) kinachopimwa. Kusanya nyakati kwenye orodha, saa ikishasimama ndipo uchape. Ukimaliza bandika msimbo hapa tuuone.