MJADALA: Majivu ya Jumatano, tuyafute tukitoka kanisani au tuyaache?

Tumsifu Yesu Kristo wapendwa. Na ninyi ndugu wa madhehebu mengine karibuni, hoja zenu nazihitaji.

Kila Kwaresima ikianza, siku ya Jumatano ya Majivu, ugomvi jumuiyani kwetu ni uleule. Padre anasoma Injili ya siku hiyo, Mathayo 6, Yesu anasema ukifunga unawe uso, watu wasijue kuwa umefunga. Muda si mrefu padre huyohuyo anatuchora msalaba mweusi kwenye paji la uso. Safari hii kijana mmoja akauliza wazi: sasa tunatii lipi, Injili au majivu? Wazee wakamkemea. Mimi naona swali lake lilistahili jibu, si karipio, ndiyo maana nalileta hapa.

Msimamo wangu ni kwamba tuyaache mpaka yatoke yenyewe. Sababu niliipata sokoni.

Jumatano ile nilitoka misa ya saa 12 asubuhi nikapitia kununua maharage. Mama ninayenunua kwake naye alikuwa amepakwa, chembe zimemshukia mpaka puani. Akachota sado, akapitisha kiganja juu kusawazisha. Mteja aliyekuwa mbele yangu, mama wa Kiislamu waliyezoeana naye, akamtazama usoni akamwambia taratibu, "Dada yangu, leo umepakwa majivu. Hilo kopo mbona limebonyea kitako?" Yule mama hakujibu. Akalisukuma lile kopo chini ya meza, akatoa jingine, akapima upya. Na mimi akanipimia kwa hilohilo zima.

Angekuwa amenawa, nani angemkumbusha? Mnafiki wa Mathayo 6 anataka asifiwe kwa kufunga kwake. Yule mama hakupata sifa yoyote pale, alipata deni mbele ya mteja wake, na akalilipa palepale. Kwa hiyo mimi sioni Injili na majivu vikigombana. Tena someni Yona sura ya 3. Mfalme wa Ninawi anavaa gunia, anakaa majivuni, lakini Mungu anachokitazama ni kwamba watu wameiacha njia yao mbaya. Kopo lilelile bovu lingerudi mezani Alhamisi, majivu ya Jumatano yangekuwa uchafu wa usoni tu.

NYONGEZA, baada ya kusoma michango yenu:

Ndugu mlokole umesema Agano Jipya halina majivu. Yamo, Mathayo 11:21: Yesu anasema Tiro na Sidoni wangalitubu zamani katika magunia na majivu. Kwamba hakuagiza tupakane, hapo nakubaliana nawe kabisa. Ni mapokeo. Sinodi (mkutano wa maaskofu) ya Benevento, Italia, ya mwaka 1091, chini ya Papa Urbano II, ndiyo iliyohimiza waamini wote wapakwe. Na namna zenyewe zinatofautiana: Italia wengi hunyunyiziwa utosini, wala huoni kitu usoni. Mwaka 2021, kwa sababu ya korona, Roma iliagiza tufanyiwe hivyohivyo, na padre asimtamkie kila mmoja maneno yale ya "kumbuka u mavumbi". Basi anayefuta hana dhambi. Hata kwenda kanisani siku hiyo si amri, ingawa kufunga ni amri. Muuguzi anayenawa kabla ya kuingia wodini simlaumu hata kidogo.

Ila dada uliyeandika kuwa watu "wanafuata mkumbo", kwamba siku ya majivu foleni inafika nje ya mlango ilhali Jumapili hawakomuniki, hapo nakupinga kwa nguvu zangu zote. Unajua ni akina nani wale? Wengi ni watu ambao ndoa zao hazijabarikiwa, au mume alikwisha kuwa na mke mwingine. Komunyo hawapokei. Majivu ni kisakramenti, yaani ishara takatifu isiyo mojawapo ya sakramenti saba, hayamfungii mtu mlango. Kuna mama mmoja parokiani kwetu, miaka yote benchi likisimama kwenda kukomunika yeye anavuta miguu pembeni wengine wapite. Siku ya majivu anainuka. Anapanga foleni na sisi, anaambiwa kilekile anachoambiwa mwenyekiti wa halmashauri ya walei: kumbuka u mavumbi, na mavumbini utarudi. Nimemwona akirudi kukaa, mikono ameituliza mapajani, nzi anamtua usoni naye hajigusi. Mama huyu tumwambie akanawe? Kwa mwaka mzima hicho ndicho alichopewa mbele ya watu kikamwonyesha kuwa yeye na sisi ni wamoja katika dhambi na katika kusamehewa.

Anayeamini tufute, ajibu hilo kwanza. Na ninyi Waanglikana na Walutheri ambao kwenu mnapakwa, wachungaji wenu wanawafundishaje?